Kufunguliwa leseni Texas baada ya kukamatwa bila bima

Faini ya kuendesha bila bima Texas hulipwa mahakamani, lakini leseni haikai mahakamani. Leseni iko DPS, Idara ya Usalama wa Umma ya jimbo, na ofisi hizi mbili kila moja ina daftari lake. Mahakama ikishamalizana na wewe hupeleka DPS taarifa moja: huyu ametiwa hatiani. Ikiwa ni hatia yako ya pili, kuanzia hapo DPS inakufungulia hesabu nyingine, na hesabu hiyo haifutwi kwa risiti ya mahakama. Watu wetu wengi, Wakongo, Warundi, Watanzania, Wakenya, wameumia hapo katikati. Mtu kajibana, kalipa faini kwa awamu mpaka senti ya mwisho, kaamini yamekwisha. Miezi inapita, anasimamishwa kwa taa ya nyuma iliyoungua, anaambiwa anaendesha na leseni imefungiwa. Tuliopita njia hii tunaiandika kwa mpangilio wake, toka bima inapokatika mpaka siku DPS inapokuacha huru.

Wengi hawakuamua kuendesha bila bima. Ilikatika wenyewe hawajui. Waliozoea bima ndogo ya nyumbani, unalipa ya mwaka, umemaliza, wanakuta Texas bima inalipwa kila mwezi kwa kukatwa benki. Benki ikibadilisha kadi yako, au akaunti ikipungukiwa dola 30 siku ya makato, malipo yanagoma. Kampuni inatuma barua ya onyo, na sheria inaitaka ikupe angalau siku 10 kabla ya kukata. Barua iko kwa Kiingereza, inafanana na matangazo, inawekwa juu ya friji. Kumbe kadi ya bima iliyo kwenye gari bado inasoma tarehe ya miezi sita mbele. Kadi hiyo ndiyo inayowadanganya watu. Polisi haitegemei. Anaingiza namba ya gari kwenye TexasSure, mfumo unaolinganisha magari ya jimbo zima na rekodi za kampuni za bima, na mfumo unamwambia kama kuna bima hai au hakuna.

Mtego wa pili ni gari la kuazima. Kwetu gari la ndugu ni gari la wote, na Texas kwa kawaida bima hulifuata gari, kwa hiyo aliyeazimwa kwa ruhusa huwa amefunikwa. Lakini wapo wanaopunguza malipo kwa kusaini karatasi inayomtoa mtu fulani kwenye bima kwa jina: kijana wao, shemeji, mume mwenye tiketi nyingi. Jina lako likiwa kwenye karatasi hiyo, ukiendesha gari hilo huna bima hata kama mwenye gari analipa kila mwezi bila kukosa. Kabla ya kuchukua ufunguo uliza: nimetolewa kwenye bima yako? Swali hilo halina ukosefu wa adabu hata kwa mkubwa wako.

Kiwango cha chini kinachotakiwa ni 30/60/25, yaani dola 30,000 kwa mtu mmoja aliyeumia, dola 60,000 kwa ajali nzima na dola 25,000 kwa mali ya wengine. Bima ya aina hiyo haitengenezi gari lako mwenyewe.

Ukisimamishwa, toa uthibitisho kama unao. Kuonyesha kwenye simu kunakubalika kisheria. Kama bima ilikuwepo ila hukuweza kuionyesha, usilipe hiyo tiketi. Pata barua ya kampuni inayoonyesha kwamba bima ilikuwa hai tarehe na saa uliyosimamishwa, ipeleke kwa karani wa mahakama, shtaka linafutwa. Saa ina uzito kwa sababu wapo wanaonunua bima kwenye simu wakiwa bado kando ya barabara. Mahakama hupiga simu kwenye kampuni na kuuliza ilianza saa ngapi. Bima ya jioni haifuti kosa la asubuhi. Inasaidia kumwonyesha hakimu kwamba umejirekebisha, na hilo si dogo, lakini kosa linabaki. Karatasi ya kughushi, au wakala anayekuahidi kurudisha tarehe nyuma, hiyo ni kesi nzito kuliko uliyokuwa nayo.

Sasa mahakama. Tiketi ya polisi wa mji huenda mahakama ya mji. Ya sherifu au askari wa jimbo mara nyingi huenda kwa hakimu wa amani wa kaunti. Jina na tarehe ya mwisho vimeandikwa kwenye tiketi yenyewe. Una majibu matatu: nina hatia, sipingi, sina hatia. Na hapa ndipo kosa kubwa kuliko yote hufanyika, tena hufanywa na watu waaminifu wanaotaka kumaliza jambo haraka. Kulipa tiketi kwenye mtandao au kwa posta ni sawa na kukubali. Umeshatiwa hatiani, na taarifa inaenda DPS bila hata kusimama mbele ya mtu.

Kwa mara ya kwanza faini ni dola 175 hadi 350, na gharama za mahakama huongezwa juu yake. Ukishawahi kutiwa hatiani kwa kosa hilohilo, ni dola 350 hadi 1,000. Kabla ya kulipa, omba kitu ambacho makarani wengi hawatakutajia wasipoulizwa. Kwa Kiingereza cha mahakama kinaitwa deferred disposition. Hakimu anaahirisha hukumu kwa kipindi kisichozidi siku 180 na kukupa masharti: ulipe kiasi fulani, usipate tiketi nyingine, na kwa kosa hili karibu kila mara uoneshe bima hai muda wote huo. Ukiyatimiza, shtaka linafutwa na hakuna hatia ya kupelekwa DPS. Hakimu halazimiki kukubali, na mahakama nyingine huwa ngumu kwa mwenye ajali au mwenye kosa la pili. Kuomba hakugharimu kitu. Darasa la udereva wa usalama, linalofuta tiketi za mwendo kasi, halifuti ya bima. Watu hupoteza pesa na Jumamosi nzima kwa kutojua hilo. Wenye leseni ya lori wazungumze na wakili kabla ya kujibu chochote.

Omba mkalimani. Sheria ya Texas inampa haki hiyo mshtakiwa asiyeelewa Kiingereza, na Kiswahili kinapatikana, mara nyingi kwa simu. Omba siku kadhaa kabla, kwa maandishi. Usimtumie mtoto wako wa darasa la nane. Anaona aibu, nawe unaona aibu, na mwisho unajibu ndiyo kwa swali usilolielewa. Ukiwa huna uwezo wa kulipa, sema hivyo mbele ya hakimu na ubebe hati za mshahara, mkataba wa nyumba na karatasi ya msaada wa chakula kama mnapata. Ana wajibu wa kukuuliza hali yako, na anaweza kukupa awamu, kupunguza, au kukupangia kazi za jamii badala ya pesa.

Kinachoharibu zaidi ni kutokwenda. Hofu ya mahakama tunaielewa. Wengine wetu tumetoka kwenye nchi ambako ukiitwa unaweza usirudi. Lakini hapa usipotokea, hati ya kukamatwa inatolewa, na mahakama nyingi zinaripoti jina lako ili usiweze kuhuisha leseni. Kizuizi hicho ni tofauti na kufungiwa, kina ada yake ya dola 10 kwa kila tiketi, na hakiondoki mpaka umalizane na mahakama iliyokiweka.

Kwa kosa hili DPS hufunga leseni kwenye hatia ya pili. Ya kwanza inaweza kuwa ya miaka iliyopita, ulipokuwa mgeni, tiketi uliyoilipa kwa posta na kuisahau. Ndiyo maana tunasisitiza ile ya kwanza ipiganiwe, ingawa peke yake haionekani kuuma. Usajili wa gari nao unaweza kufungiwa. Tena sheria inataka gari la mwenye hatia ya pili lizuiliwe siku 180 kwa dola 15 kwa siku, ambazo ni dola 2,700. Hulikomboi bila kuonyesha uthibitisho wa bima. Hiyo ni mbali na yadi za kuvuta magari ambako miji mingine huyapeleka papo hapo, na ambako hifadhi ni zaidi ya dola 20 kwa siku mbali na gharama ya kuvuta. Gari la dola 1,800 humalizwa na yadi ndani ya miezi michache.

DPS inakuarifu kwa barua, kwenye anwani iliyo kwenye leseni. Familia zetu huhama sana, toka nyumba ya mwanzo waliyopangiwa na shirika, kwenda ya bei nafuu, kwenda karibu na kiwanda. Sheria inakupa siku 30 kubadilisha anwani, na ni jambo la dakika chache kwenye mtandao. Barua iliyokwenda nyumba ya zamani inahesabika kuwa umeipata. Usiingoje hata hivyo. Kwenye tovuti ya jimbo kuna ukurasa wa License Eligibility. Unaingiza namba ya leseni, tarehe ya kuzaliwa na tarakimu nne za mwisho za namba yako ya Social Security, nao unakuonyesha kila kizuizi na kila dola unayodaiwa. Uchapishe. Karatasi hiyo ndiyo ramani yako mpaka mwisho.

Kitu ambacho DPS itadai zaidi ni SR-22, na hapa tukae kidogo, maana hakuna neno linalochanganya watu kama hili. SR-22 si bima. Ni hati ambayo kampuni ya bima inaituma DPS kusema: huyu tumemwekea bima angalau ya kiwango cha chini, na ikikatika tutawaambia. Kadi yako ya kawaida ya bima haikubaliki badala yake, hata ukiipeleka ofisini kwa mkono. Si kila kampuni hutoa SR-22, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa chochote. Ada ya kuituma ni ndogo, mara nyingi kati ya dola 15 na 50. Kinachouma ni bima yenyewe, kwa sababu sasa kampuni inakuona dereva wa hatari na bei inapanda. Tafuta bei kwa mawakala watatu au wanne siku moja, kwa maelezo yaleyale. Tofauti kati yao hushangaza.

Kama huna gari, usiache. Ipo bima ya dereva asiye na gari, na SR-22 inaambatanishwa nayo. Huwa nafuu. Lakini haifuniki gari unalolimiliki wala gari la nyumbani kwako unaloliendesha kila siku. Mwenye mke mwenye gari, wakalala nyumba moja, akinunua hiyo, amenunua karatasi ya kumridhisha DPS na bado hana bima akiwa kwenye gari la mke wake. Mweleze wakala ukweli wote wa nyumba yenu.

Kisha soma hati kabla haijatumwa. Majina yetu ndiyo yanayokwamisha. Mkongo mwenye majina matatu, kambini aliandikwa kwa mpangilio mmoja, uhamiaji mwingine, wakala wa bima akaacha la katikati. Tarehe za kuzaliwa nazo: nyaraka za ukimbizi zimewapa wengi tarehe 1 Januari, na ukimtajia wakala tarehe yako ya kweli unayoijua kwa mama yako, hati haitalingana na leseni. Tumia ilivyo kwenye leseni, herufi kwa herufi, na hakikisha namba ya leseni ipo. Hakikisha pia ni SR-22 ya Texas. Omba nakala yako, iweke kwenye gari na nyingine nyumbani.

Haraka ina faida ya kweli hapa. Anayetuma SR-22 mara tu baada ya hatia ya pili na kuitunza anaweza kuepuka kufungiwa kabisa. Aliyechelewa anaituma na kulipa juu yake ada ya kurudishiwa leseni, dola 100. Ada hiyo hulipwa kwenye tovuti ileile au kwa posta, na haiendi mahakamani. Baada ya hapo subiri: DPS huweza kuchukua hadi siku 21 za kazi kuingiza hati kwenye rekodi, yaani karibu mwezi mzima ukihesabu wikendi. Watu hulipa Jumatatu na kuendesha Jumanne. Usiende barabarani mpaka ule ukurasa useme una sifa ya kuendesha, na uuchapishe tena siku hiyo. Kama leseni yenyewe iliisha muda ulipokuwa umefungiwa, bado unatakiwa kuihuisha, na ikiwa imepita miaka miwili tangu iishe unaanza mitihani upya.

Tatizo ni kazi. Zamu ya kiwanda cha nyama Amarillo au ya usafi wa ofisi Houston inaanza saa kumi alfajiri, na saa hiyo hakuna basi. Ndipo watu wanajipa moyo kuendesha hivyohivyo. Mara ya kwanza ni kosa la daraja C, faini hadi dola 500. Ukirudia ni daraja B: hadi siku 180 jela na faini hadi dola 2,000, na kufungiwa kunaweza kurefushwa. Kwa asiye raia, kukamatwa na kuchukuliwa alama za vidole kunakufuata hadi kwenye fomu ya uraia, ambako tiketi na kukamatwa vyote huulizwa na hutakiwa kutajwa.

Njia halali ipo na inatumiwa na wachache mno. Inaitwa Occupational Driver License. Unawasilisha ombi kwa hakimu wa amani, mahakama ya kaunti au ya wilaya, ukieleza unahitaji gari kwa kazi, shule au shughuli za lazima za nyumbani. Fomu zipo bure TexasLawHelp, tovuti ya msaada wa kisheria, na asiyeweza ada ya kufungua shauri hujaza hati ya kutokuwa na uwezo. Ambatanisha barua ya mwajiri yenye saa za zamu, na SR-22, kwa sababu bila hiyo ombi halisogei. Amri ya hakimu inaweza kukuwekea mipaka ya saa na mahali pa kuendesha. Kwa hiyo andika saa zako zote: kwenda, kurudi, kumpeleka mtoto kliniki, duka la chakula, na kaunti unazopita njiani. Amri ikitaja kaunti, usiendeshe nje ya hizo. Amri iliyosainiwa na hakimu hutumika kama leseni kwa siku 45 wakati DPS inaandaa kadi, nayo DPS hutoza dola 10 kwa mwaka pamoja na ada ya kurudishiwa unayodaiwa. Amri ikitaka daftari la safari, liandike kila siku bila kukosa. Leseni hii haifai kwa magari ya biashara yanayohitaji CDL, yaani leseni ya lori.

Aliyepata ajali akiwa bila bima ana faili lingine kabisa: hapo aliyeharibiwa anaweza kuiomba DPS ikufungie hata bila hatia ya mahakama. Faili hilo hufungwa kwa makubaliano ya kulipa kwa awamu au kwa hati ya kuachiliwa iliyosainiwa naye. Usimpe pesa mkononi bila hati hiyo.

Na usihame ukidhani umeiacha Texas nyuma. Wengi huenda Iowa au Kentucky kwa kazi nzuri zaidi, wanaomba leseni huko, dirishani wanakataliwa. Majimbo huangalia rekodi ya taifa ya madereva waliofungiwa, na jimbo jipya litakurudisha umalizane na Texas kwanza: dola 100, na SR-22 kama muda wake haujaisha. Ukiwa mbali, mwambie wakala wa huko akutumie SR-22 inayokubaliwa Texas, si ya jimbo lake.

SR-22 inatakiwa kwa miaka miwili tangu tarehe ya hatia. Miaka hiyo haihesabiwi toka siku uliyonunua bima. Ndani yake usikose malipo hata mwezi mmoja. Bima ikikatika, kampuni inatuma DPS hati nyingine, SR-26, na leseni inafungwa tena, na dola 100 nyingine zinadaiwa. Ukipenda kampuni mpya, SR-22 ya mpya ifike kwanza, ndipo uvunje ya zamani. Anayeweza alipe miezi sita kwa mkupuo wakati wa marejesho ya kodi, Februari au Machi; kwa familia nyingi huo ndio wakati pekee pesa inakuwepo. Miaka miwili ikitimia, piga DPS uulize tarehe kamili ya mwisho, ngoja ipite, ndipo umwambie wakala aondoe SR-22 na akupe bei mpya. Mwambie aondoe hati tu, bima iendelee.